Sisimizi wa Kullow

Mume wangu Kullow ni dereva wa lori. Hutoa unga na mchele hapa Lodwar na kupeleka Kakuma. Ana kisukari, na ana maabara yake mwenyewe: mchanga.

Msicheke. Akikojoa kando ya barabara, husubiri aone kama sisimizi watakuja. Wakija, anajua sukari imepanda. Wasipokuja, anarudi nyumbani Kanamkemer kifua mbele na kuomba chai tamu. Madereva wenzake hupima hivyo hivyo. Nami, jamani, nilimwamini.

Jioni moja alikuja jirani yetu Rael, muuguzi wa kliniki ya kisukari. Tulisalimiana kwa Kiturkana, ejok, ejok-noi, kisha akamuuliza Kullow mbona haonekani kliniki. Kullow akamweleza habari za sisimizi. Nilidhani Rael atacheka. Hakucheka.

“Na figo zako,” akauliza, “sisimizi wanasemaje?”

Kullow akasema figo haziumi. Kinachouma ni mgongo, kwa sababu ya barabara mbovu, na kila safari yeye humeza vidonge vya maumivu.

Rael akachukua chujio langu la chai. Alisema figo huchuja damu namna ile. Uchafu hutoka na mkojo, vitu vizuri hubaki mwilini. Sukari na presha zikikaa juu muda mrefu, chujio huharibika. Protini, ambayo mwili unaihitaji, huanza kuvuja.

“Mtu atajuaje?” niliuliza.

“Mwanzoni hajui. Haumwi, wala miguu haivimbi. Sisimizi hawaonyeshi protini, Mama Mowlid. Hata sukari inaweza kuwa juu kwenye damu na wao wasije. Ukingoja dalili, utakuta figo zimechoka kabisa, na hapo ni kuoshwa damu kwa mashine.”

Niliogopa. Mtu wa mashine hurudi hospitali kila wiki, mara kadhaa. Nani angeendesha lori? Lakini Kullow alitaka kujua zaidi. Protini inaonekanaje? Rael akasema mkojo hupimwa maabara, na damu pia, kila mwaka, hata kama mtu anajisikia mzima.

Kesho yake Kullow alikwenda. Protini ikaonekana. Baadaye wakarudia kipimo ili kuhakikisha, nayo ikaonekana tena. Daktari alisema ni mapema, figo bado zinafanya kazi. Alimpa dawa ya presha ambayo pia hulinda figo. Alimkataza kujinunulia vidonge vya maumivu, kwa kuwa navyo huweza kuumiza figo. Mimi nilipunguza chumvi kwenye chakula na kuficha kopo la sukari. Kullow alinuna kwa siku nyingi, lakini dawa alimeza.

Miezi ikapita. Alipopimwa tena, protini ilikuwa imepungua. Nilifurahi mpaka nikalia pale pale kliniki, mbele za watu.

Juzi nilipanda lori naye kwenda Kakuma. Njiani tulimkuta Ejore, dereva mwenzake, ambaye pia ana kisukari. Alikuwa amechuchumaa kando ya barabara, anatazama mchanga.

“Hawajaja,” alituambia, uso umejaa furaha.

Kullow alizima injini, akashuka, akachuchumaa karibu naye.

“Hata kwangu hawakuja,” akamwambia. “Kesho twende kliniki pamoja.”