Karata Fupi

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa, asubuhi, na mjomba wangu alikuwa anamchosha mwenye duka la vifaa vya ofisi.

"Vidole, hiyo pakiti ya tano sasa," mwenye duka alilalama. "Karata ni karata tu. Unachagua mchumba?"

"Mchumba ningeshamaliza," Mjomba alijibu bila kuinua macho. "Mchumba ana jamaa wa kumuulizia. Hizi naziuliza mwenyewe."

Jina la Vidole alipewa na mtaa, likamkaa. Kazi yake ilikuwa kufunga vitabu kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba: kushona kurasa, kupaka gundi, kunyoosha kingo kwa wembe mpana. Siku za mapumziko alialikwa harusini na kwenye sherehe za shule kufanya mazingaombwe ya karata. Mimi ni mtoto wa dada yake, nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na mdomo wangu ulikuwa umeshaniletea vikombe viwili vya mdahalo.

Siku ile nilimsindikiza nikaona anavyochagua. Za plastiki alizisukuma pembeni. Zinateleza mno, alisema, na ukizipinda hazikumbuki. Alichukua za karatasi, akazipinda kidogo karibu na sikio, akaziachia: prrr. Akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akageuza mgongo wa karata moja kuelekea dirishani kuona kama ukingo mweupe uko sawa pande zote nne. Pakiti ya saba ndiyo iliyomridhisha. Mwenye duka alishukuru kwa sauti.

Tulirudi kwenye chumba cha vitabu. Akatoa saba ya kopa.

"Kwa nini saba?"

"Haina sura. Wafalme na malkia watu huwakumbuka. Saba inapita tu, hakuna anayeisalimia."

Akaiweka chini ya wembe na kuipunguza upande mmoja, unywele tu. Akalainisha ukingo kwa msasa: kwaru, kwaru. Akaichanganya na nyingine hamsini na moja, akaniwekea pakiti mkononi, akaniambia nifumbe macho nizitiririshe chini ya dole gumba. Nikafanya hivyo. Karata zikaenda prrr, kisha dole gumba likajikwaa mahali, kidogo sana, kama mguu unaokosa ngazi.

"Hapo. Kata."

Nikakata. Saba ya kopa.

"Mjomba! Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu. Ila zikiwa mbili fupi kwenye pakiti moja, basi, vidole vinakudanganya. Moja. Na ikijulikana, mimi nabaki mzee anayechezea makaratasi. Kwa hiyo ahidi."

Nikaahidi. Kile kiuzi cheupe kilichokatwa, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, hakukitupa. Alikiweka ndani ya kisanduku cha kiberiti.

"Siku wakiniita mchawi," alisema huku akicheka, "wakili wangu huyu hapa."

Wiki mbili baadaye nilimwita mchawi mimi.

Nieleze ilivyokuwa, maana sipendi watu wanaoomba kuhurumiwa kabla ya kuhukumiwa. Chuo kilikuwa na mashindano ya mdahalo, na mada ya nusu fainali ilikuwa: Uchawi upo, na sayansi haiuwezi. Pande zilipangwa kwa kura. Kura ikanipa kutetea. Nilikuwa naudharau uchawi kuliko mtu yeyote mle ukumbini, lakini kwenye mdahalo hakuna anayekuuliza unaamini nini. Unaulizwa umeshinda au umeshindwa.

Nikamwalika Mjomba. Nilimwambia aje achangamshe ukumbi. Alivaa koti lake la harusini.

Upande pinzani uliongozwa na kijana tuliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani na madaha. Mjomba alimtandazia karata, Profesa akachagua saba ya kopa, au alidhani amechagua. Akairudisha. Akachanganya mwenyewe, mara tatu. Mjomba akapokea pakiti, akafumba macho, akazitiririsha, akakata. Saba ya kopa. Ukumbi ukapiga kelele.

Hapo nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti! Upande pinzani watueleze. Nani kamwonyesha? Mzee kafumba macho, karata zimechanganywa na adui yake. Sayansi iko wapi? Au imeenda kunywa chai?" Vicheko. Nikaona naelea juu ya makofi, nikaongeza kitu ambacho sikuwa nimekiandaa. "Kwetu jambo hili linarithiwa. Babu alikuwa nalo. Huyu mnayemwona anaweza kugusa asichokiona, na kumfikia asiyekuwepo."

Babu alikuwa fundi wa kupiga chapa. Hakuwa na lolote zaidi ya kikohozi.

Simu zilikuwa zimeinuliwa ukumbi mzima. Mjomba alinitazama. Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini machoni lilikuwa limeshaondoka.

Mkanda ule ulifika mtaani kwake kabla yake.

Jumapili iliyofuata, binti mdogo wa mwuza maziwa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipandwa na homa akaanza kuweweseka. Mtu akakumbuka kwamba asubuhi Vidole alimfanyia mazingaombwe mlangoni. Mwingine akakumbuka maneno yangu. Kumfikia asiyekuwepo. Jumatatu wateja hawakuja kwenye chumba cha vitabu. Jumanne, saa sita mchana, Mjomba alikuja hosteli kwetu, akasimama nje ya geti kama mtu anayeogopa kugonga.

"Mwanangu," alinong'ona. "Twende uwaonyeshe karata fupi."

"Uliniapisha nisiseme."

"Nakufungua. Nikisema mimi, ni mchawi anajitetea. Wewe ndiye uliyesema mwanzo."

"Mjomba, fainali ni Ijumaa. Nikisema leo kwamba nilidanganya ukumbi, wananiondoa. Jumamosi. Asubuhi na mapema, naapa."

"Jumamosi," alirudia taratibu, kama mtu anayeshika anwani asiyoijua.

Hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia.

Alhamisi waliingia watu wanane kwenye chumba cha vitabu. Watu wazima, wenye watoto. Mmoja wao anafundisha shule, na mpaka leo anafundisha! Waliviweka vidole vyake kwenye chuma cha kubania vitabu, wakaukaza mkono wa chuma. Vyote kumi. Ijumaa asubuhi mama alinipigia simu mara nne. Nikaizima ili nisipoteze mtiririko wa hoja zangu.

Nilishinda. Kikombe kiko hapa mezani ninapoandika.

Binti wa mwuza maziwa ilikuwa homa ya kawaida. Vidonge vya siku tatu, akarudi kucheza.

Jumamosi niliingia wodini. Mikono yake ilikuwa mafurushi mawili meupe juu ya shuka. Aliniomba nitoe karata kwenye koti lililoning'inia, pamoja na kiberiti. Nikatoa.

"Zitiririshe."

Nikazitiririsha. Dole gumba likajikwaa.

"Bado ipo?" alinong'ona.

"Ipo, Mjomba."

"Basi waonyeshe. Ingali ipo."

Akafumba macho. Vidonda vilikuwa vimeingiza sumu kwenye damu; Jumatatu hakuyafumbua.

Hapa ndipo mtasema nilikimbilia mtaani kumsafisha marehemu. Sikukimbilia popote. Kwanza kulikuwa na matanga. Kisha mitihani. Kisha mama alikuwa ameanza kula, nikaona nikimwambia sasa kwamba ndugu yake ameuawa na mdomo wa binti yake, ataacha tena. Nina kipaji cha hoja, na kila siku nilijipa moja mpya. Zote zilikuwa nzuri.

Karata niliziweka kwenye droo, chini ya nguo. Kiberiti kilibaki juu ya meza. Siku moja baada ya mazishi nilikifungua nikaona viuzi viwili.

Nilidhani nimekosea. Kimoja kilikuwa kimeanza kugeuka njano. Cha pili kilikuwa cheupe, kimekatwa muda huo huo.

"Ulikuwa unakata nini?" nilimuuliza mwenzangu wa chumbani.

"Mimi? Nilijua ni wewe. Saa nane hivi nilikuwa nimejilaza, nikasikia mtu anasugua msasa hapo mezani kwako." Akanitazama. "Kwani hukuwepo?"

Nilikuwa darasani.

Nikazitoa karata. Nikazitiririsha. Dole gumba likajikwaa. Likaendelea. Likajikwaa tena.

Mbili fupi. Mjomba hakuwahi kutengeneza mbili.

Nilizirudisha droo, nikafunga kwa ufunguo, nikauvaa ufunguo shingoni. Kesho yake, saa nane mchana, jua likiwa linawaka, watoto wa jirani wakicheza mpira chini ya dirisha, nilikuwa nimekaa kitandani. Nikasikia mwenyewe.

Kwaru. Kwaru.

Ndani ya droo.

Taratibu. Bila haraka. Kama fundi anayependa kazi yake.

Ikanyamaza. Nikakifungua kiberiti. Viuzi vitatu.

Mwenzangu alihama wiki hiyo hiyo. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba ule msasa anausikia kama unamhesabia siku.

Kila siku kilikuja kimoja. Sikuhesabu. Niliona kisanduku kinajaa, nikaangalia pembeni. Na sitawadanganya tena: mahali fulani kichwani nilijua ni nini kinachotokea ndani ya ile droo. Kila siku niliyonyamaza, ushahidi ulikuwa unapungua. Nilijua. Nikajitafutia hoja nyingine.

Siku moja saa nane ilifika, na droo ikakaa kimya.

Kimya kile kilinitisha kuliko msasa. Nilibandika tangazo ubaoni: kesho saa sita mchana, ukumbi ule ule, nina la kusema kuhusu Vidole. Walikuja wengi. Profesa alikaa mbele. Mwuza maziwa alisimama mlangoni na binti yake mgongoni. Mama sikumwambia, lakini alikuja.

Nilisema yote. Bila mbwembwe, bila ndugu mwenyekiti. Nilisema nilidanganya, nilisema Babu alikuwa na kikohozi tu, nilisema kuhusu wembe na unywele na saba ya kopa. Nikasikia ukumbi unavuta pumzi. Mwuza maziwa aliziba mdomo kwa mtandio. Niliona uso wa mama, nikaukwepa.

"Njoo upime," nilimwambia Profesa. "Saba ya kopa ni fupi kuliko zote."

Alikuja na rula. Akaisimamisha saba pembeni ya nane. Akaisimamisha pembeni ya malkia. Akachukua nyingine. Na nyingine.

"Ziko sawa," alisema kwa sauti ya chini.

"Pima tena."

"Dada. Nimepima. Ziko sawa zote."

Nikampokonya. Nikazigonga mezani zijipange, nikapitisha kidole juu yake. Laini. Laini kabisa, kama ukurasa mmoja. Nikazitiririsha chini ya dole gumba.

Prrr.

Halikujikwaa popote.

"Nina kiberiti!" nilisema, nikakimwaga mezani. Vikaanguka viuzi, vingi, vyeupe. Na hata mimi niliona inavyoonekana: msichana na wembe, chumbani peke yake, akitengeneza uongo wake wa pili.

"Kata," mwuza maziwa alisema kutoka mlangoni.

"Mama, hakuna tena..." nilianza kumjibu.

"Nimesema kata."

Nikakata. Saba ya kopa.

Profesa alizichukua. Akachanganya mara tatu. Akanirudishia.

Nikakata. Saba ya kopa.

Hakuna aliyepiga makofi. Viti vya mbele vilianza kusogea nyuma, polepole, miguu yake ikikwaruza sakafu. Mwuza maziwa alimshusha binti yake mgongoni, akamficha nyuma yake ili nisimwone. Na nyuma kabisa, mtu alinong'ona, kwa maneno yangu, kwa sauti ninayoapa ilikuwa yangu:

"Kwao jambo hili linarithiwa."

Mama aliinuka, akatoka. Hakugeuka.

Karata nimeziacha pale pale juu ya meza. Wasafishaji wamekataa kuzigusa. Viuzi niliviokota, kwa sababu hilo ndilo nililobaki nalo la Mjomba, na usiku huo nikavihesabu kwa mara ya kwanza. Hamsini na viwili, kimoja kwa kila karata. Kimoja cha kwake, kingine kila siku niliyomnyamazia. Ningenyamaza siku moja pungufu, ingebaki karata moja ya kupima nayo.

Nilidhani yameishia hapo. Droo ni tupu. Nimeiacha wazi niione.

Leo saa nane nilikuwa nimeketi hapa mezani naandika haya. Nikausikia msasa. Kwaru, kwaru. Haukutoka kwenye droo. Ulikuwa karibu zaidi. Sikuhisi maumivu. Nilihisi ubaridi tu, kama mtu kanishika mkono kwa upole, kama siku ile aliponipa pakiti na kuniambia nifumbe macho.

Nimekifungua kiberiti. Viko hamsini na vitatu. Cha mwisho si cheupe, wala si cha karatasi.

Nimeweka viganja vyangu pamoja, kidole kwa kidole, jinsi alivyonifundisha kupanga karata zisipishane. Nimeviinua kwenye mwanga wa dirisha.

Kidole cha kati cha mkono wa kulia hakifiki. Kimepungua unywele.