Usigeuke

Kisigino cha kiatu chake kilivunjika katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu, mbele ya soko, saa ambayo mji mzima unakimbilia kazini. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, na kwa kuinama kuokota kisigino hakuiona baiskeli. Mwendeshaji alikata kona, akagonga ukingo wa njia, na kadi za harusi alizofunga nyuma zikamwagika barabarani.

"Dada, ukitaka kufa chagua lori," alisema akiziokota. "Mimi nitakuchubua tu."

"Na wewe ukitaka kuoa chagua mmoja. Kadi zote hizi za nini?"

"Si zangu, nazichapa tu. Wenzangu wanaoana, mimi naambulia wino." Akamwonyesha vidole vyake vyeusi.

Msichana akacheka bila kutaka. Alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya meno upande wa pili wa mji, na foleni ya magari ilikuwa imeshamletea onyo kutoka kwa mkuu wake. Mchapaji alimpakia nyuma, kiatu kimoja mkononi, wakafika kabla mlango haujafunguliwa. Jioni msichana alimpigia simu kumshukuru, kwa namba aliyomwachia, na kwa kuwa hakujua amwite nani, akamwita Wino.

Wiki haikuisha akampigia tena. "Nifundishe kuendesha. Sitaki kubebwa kama gunia."

"Wewe, na magauni hayo?"

"Utanifundisha au nitafute fundi mwingine?"

"Nitakufundisha, mpenzi. Huyo mwingine nitamtoa upepo matairi yote."

Msichana akanunua baiskeli iliyotumika, yenye kikapu mbele. Walijifunzia nyuma ya kiwanda cha uchapaji siku za mapumziko, kati ya marobota ya karatasi na ukuta wenye harufu ya gundi. Alishika breki kila hatua, naye Wino akambatiza jina la Breki. Lakini kasoro yake kubwa ilikuwa shingo. Akisikia honi aligeuka kutazama, na baiskeli ikafuata macho.

"Shingo ikigeuka, usukani unageuka," Wino alimwambia. "Barabarani nitakuwa nyuma yako. Nitakuita, nitakuimbia, hata nitakutukana. Usigeuke."

"Nitajuaje kama upo?"

"Si utanisikia nikikuita?"

Akawa anamjaribu. "Breki, pochi imedondoka." Akageuka, akayumba. "Breki, nimeanguka." Akageuka tena, akajikwaruza goti ukutani. Wino alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akapiga magoti kulipangusa goti lile kwa leso yake.

"Wewe ni mwongo," Breki alimwambia.

"Mwongo anayekupenda. Panda tena."

Siku ilifika akaambiwa "nimeanguka" naye akacheka tu na kukanyaga. Tangu hapo wakawa wanakwenda kazini pamoja. Alivaa suruali chini ya gauni, viatu vya ofisini vikiwa kikapuni, na nyuma yake sauti ile ilimfuata mpaka kwenye mzunguko mkubwa wa magari, wanapoachana. Hakuchelewa tena kazini. Alipendeza, na alijua kwamba anapendeza.

Kisha ukaja ugomvi, kwenye simu.

"Mama anakusubiri mwisho wa wiki," Wino alisema. "Nataka akuone, nianze kuleta watu kwenu."

"Nipe muda kidogo, mpenzi."

"Muda wa nini? Wa kumngoja yule daktari wenu wa meno?"

Breki alikata simu. Alikuwa ameomba muda kwa sababu mama yake alikuwa anaugua, na alitaka kumwandaa taratibu. Hakulisema hilo, aliona mtu anayempenda angeuliza kabla ya kutukana.

Asubuhi walitoka pamoja kama kawaida, salamu mdomoni tu. Walipoingia kwenye mzunguko, pikapu ilimbana Wino, ikamtupa kwenye ukingo na kuupitia mguu wake. Breki hakuona kitu. Katika kelele za honi alisikia sauti anayoijua.

"Breki, nimeanguka."

Akatabasamu kwa hasira. Kumbe anataka kuumaliza ugomvi kwa mzaha. Akakaza shingo, akakanyaga kwa nguvu zaidi.

Jioni simu ya Wino haikupatikana. Kesho yake vilevile.

"Nenda ukamtazame, mwanangu," mama yake alimwambia.

"Nimfuate mimi? Yeye ndiye aliyenitukana. Amezima simu, ananinunia."

Wiki nzima ilipita hivyo. Mwishowe moyo ulimshinda, akaenda kiwandani asubuhi kabla ya kazi. Msimamizi alimtazama kwa mshangao.

"Unamuulizia kwangu? Si ulikuwa naye alipogongwa?"

Nyumbani kwao mlango ulifunguliwa na dada yake Wino.

"Wifi, nilikuwa sijui..."

"Wifi wa nani?" Lakini akampisha.

Wino alikuwa amekaa barazani, mguu una plasta mpaka pajani. Vidole vyake vilikuwa safi, havina wino. Mtambo wa kuchapa unataka mtu wa kusimama kutwa, na nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine.

"Nilidhani unanijaribu," Breki alisema, akilia.

"Najua. Nilikufundisha mwenyewe. Hilo nilikusamehe nikiwa bado chini pale."

"Mbona hukunipigia?"

"Simu ilipondwa. Namba yako naijua kwa kichwa. Dada alitaka kukupigia, nikamkataza. Nilitaka nione utakaa siku ngapi ndipo uniulizie."

"Nami nilikuwa nangoja wewe uniombe radhi."

"Basi tulikuwa tunangojana," alisema taratibu. "Lakini mimi nilikuwa nangoja nikiwa kitandani, Breki. Kila mlango wa wodi ukifunguliwa nageuza shingo."

"Nipeleke kwa mama yako. Hata leo. Nimekuja."

"Mama alikaa na mimi wodini siku zote hizo, na kila siku aliniuliza yule mchumba wangu yuko wapi. Nimekosa la kumjibu. Nenda, mpenzi. Utachelewa kazini."

Aliikokota baiskeli mpaka nje ya geti, akapanda. Mtaa ulikuwa mtupu na tulivu. Alipokwenda kidogo, alifanya jambo aliloacha kulifanya miezi mingi: aligeuka. Usukani haukutikisika hata kidogo.

Wino alikuwa amesimama kwa magongo, anaingia ndani, amempa mgongo.

"Wino," aliita.

Hakugeuka.