Chumba cha Asiye na Mtoto

Mtoto aliamka ameshiba. Uji ulikuwa umepoa kidogo, kama anavyoupenda, lakini alifumba mdomo na kugeuza uso. Mama yake, mshonaji, alisogea ampanguse. Mdomo ule ulinuka maziwa ya titi, yale ya siku za kwanza baada ya uzazi. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Kunyonya aliacha zamani.

Walikuwa na siku tisa katika chumba hicho, na hakikupatikana hivi hivi. Nyumba waliyokuwa wakiishi ilibomolewa, mumewe yuko safarini na lori, na kwa wiki tatu alizunguka na madalali mpaka viatu vikaisha soli. Mmoja alimwonyesha chumba cha mtu mwingine kabisa. Mwenyewe alirudi kutoka kazini akawakuta wanapima dirisha kwa ajili ya pazia. Wenye nyumba wengine walimwona mtoto mgongoni, wakasema chumba kimeshapata mtu.

Dalali wa mwisho alimwambia mapema.

"Dada, mwenye nyumba hataki watoto. Akikuuliza, sema huna. Huyu Bonge wako tutamwingiza baadaye kama mzigo."

"Na akilia?"

"Si una cherehani? Kanyaga."

Mama mwenye nyumba aliuliza mara tatu, wamesimama katikati ya chumba kitupu. Una mtoto? Huna? Kweli huna? Mshonaji, mtu ambaye hata umri wake hajawahi kuudanganya, alijibu mara tatu kwamba hana. Alipojibu mara ya tatu, mlango ulijifunga taratibu na upepo haukuwepo.

Bonge aliingizwa ndani ya mfuko wa vitambaa. Akafundishwa mchezo wa bubu: anayesema kwanza ameshindwa. Aliushika vizuri mno. Siku ya nne hakulia hata alipobanwa kidole na droo. Aligeuka tu, akatazama pembeni mwa kitanda, kama mtoto anayetafuta wa kumpoza.

Sasa, baada ya uji kukataliwa, mshonaji aliketi kushona sare za shule. Mguu ulikanyaga, sindano ikakimbia. Chini ya mlio wa cherehani akasikia mtu anaimba kwa pua, wimbo wa kubembeleza usio na maneno. Akasimamisha mguu. Cherehani ikanyamaza, na wimbo ukaendelea kidogo, kisha nao ukakatika.

"Bonge?"

Mtoto hakuwa kitandani.

Aliinama, na katika giza la uvunguni akamwona amelala ubavu akiutazama ukuta, mashavu yakiingia na kutoka, koo likimeza, mkono wake mdogo umeinuliwa ukichezea kitu kisichoonekana kama watoto wanavyochezea nywele za mama zao wakinyonya, na harufu ya maziwa ikamjia nzito, yenye joto, hata yake mwenyewe yaliyokauka mwaka mzima yakamchoma kifuani, akamshika mtoto mguu akavuta, na mtoto hakuja, kwa sababu upande wa pili nako kulikuwa na mtu anayevuta, polepole, bila haraka, kama mwenye haki.

"Mbona wamchukua?" sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya mwanamke mpole. "Ulisema huna."

"Nilikuwa natafuta chumba," mshonaji alinong'ona.

"Chumba si umepata?"

Alinong'ona kwamba huyu ni wake. Mtoto akavutwa shubiri moja. Akarudia, akavutwa tena. Hapo akaelewa kwamba kunong'ona hakutoshi, na kwamba nje, uani, mama mwenye nyumba anafua. Aliwaza barabara na magunia ya vitambaa, aliwaza wapi watalala. Halafu akasukuma mlango kwa mguu, mikono haijamwachia mtoto, akapaza sauti ambayo hajawahi kuitoa mbele ya watu.

"Mama, nilikudanganya. Nina mtoto. Huyu hapa, nimemzaa mimi."

Bonge alichomoka, wakaangukiana.

Mama mwenye nyumba hakushtuka. Mikono yake ilibaki ndani ya beseni.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ulikuwa na alama za vidole vidogo begani."

"Ulijua, ukaniuliza?"

"Na mimi nilikuwa mpangaji humo. Na mimi niliulizwa, nikasema sina. Wangu sijamwona tangu hapo, ila kumsikia." Macho yake yalikuwa kwa Bonge. "Nilidhani huyo wa humo akipata mwingine, atanirudishia wangu."

Mshonaji alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni.

"Binti, subiri. Chumba cha mbele ni kikubwa, kina dirisha. Kaa bure. Mlaze tu humo mlimotoka, leo tu."

Mshonaji aliiacha cherehani, akaacha sare na sufuria, akatembea mpaka nyumba ikapotea nyuma ya maduka. Kwenye njia panda akaketi juu ya jiwe. Hakujua ageukie wapi.

"Mama analia," Bonge alisema mgongoni.

Alijigusa uso. Ulikuwa mkavu.

"Mama halii, mwanangu. Mama yuko sawa."

"Siyo wewe," mtoto alisema, akapinda shingo kutazama walikotoka.