Ukuta wa Chumba cha Mama

Duka la rangi lilifurika Jumamosi ile, kila mtu na ndoo yake, hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake. Fundi alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, ovaroli ya buluu imejaa madoa, kilemba kimebana nywele. Mbele yake alisimama mwanamume wa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, akibishana na muuzaji kuhusu rangi mbili za maziwa ambazo, kwa kweli, zilikuwa moja.

"Kaka, chukua yoyote," Fundi alimwambia. "Taa ikizimwa zote ni nyeusi."

Watu wakacheka. Mwanamume akageuka, akamtazama mwanamke huyo kuanzia kilemba hadi viatu.

"Na wewe ni nani wa kunichagulia?"

"Fundi rangi. Na wewe?"

"Kinyozi."

"Ndiyo maana kichwa chako kiko hivyo. Kinyozi hajinyoi."

Kinyozi alicheka mpaka muuzaji akawahudumia watu wawili wengine. Kisha akamweleza: rangi ni ya chumba cha mama yake, katika nyumba ambayo bado hajamaliza kuilipia. Miaka mitatu alikuwa akitafuta. Madalali walimlipisha ada ya kuonyeshwa nyumba zilizokwisha kuuzwa. "Dakika tano kutoka kituoni" ikawa mwendo wa saa nzima. Nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa na viwili na stoo. Lakini hii sasa, hii ndiyo.

"Hujainunua na unanunua rangi?"

"Mapenzi hayangoji hati, Fundi."

Basi, yakaanza hivyo. Kinyozi akawa anampigia kila mchana, kati ya mteja na mteja.

"Umekula?"

"Nimekula vumbi la msasa."

"Shuka kwenye ngazi basi, niko hapo nje."

Na kweli alikuwa nje, shati jeupe, mfuko wa chakula mkononi, mafundi wengine wakipiga miluzi. Fundi alikuwa na miaka thelathini na sita na alishajiambia kwamba mambo hayo yamempita. Sasa alijikuta akiimba juu ya ngazi. Alimpenda, akaona haya jinsi alivyompenda.

Jumapili moja Kinyozi akampeleka kuiona nyumba. Malipo ya kwanza yalishatolewa; yaliyobaki na saini ni Ijumaa, kwa wakili. Walipofika getini, Fundi akasimama. Geti lile alilijua. Aliyekuwa akiiuza nyumba ndiye aliyemwita mwaka huo huo, kiangazi, akamwonyesha chumba cha nyuma na kumwambia, "Funika tu." Maji yalipanda kutoka kwenye msingi, na dawa yake ilikuwa kuchimba, si kupaka. Fundi aliparua ukungu kwa kisu, akapiga rangi ya mafuta mikono mitatu, akachukua ujira wake akaenda zake. Kazi ni kazi.

"Hapa ndipo atakapolala mama," Kinyozi alisema, akigonga ukuta ule ule kwa vidole. Mama yake alikuwa na pumu, na maisha yake yote alihamishwa kutoka nyumba ya kupanga moja hadi nyingine. "Mkavu, au siyo?"

Fundi alifungua kinywa. Akauona uso wa yule mwanamume, ulivyokuwa umefurahi.

"Umepakwa vizuri," alisema.

Alijipa moyo kwamba atamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine mpaka Alhamisi, simu ikaita.

"Mpenzi, kesho naweka saini."

"Umemwita mkaguzi?"

"Mkaguzi wa nini, na nina fundi wangu? Wakili naye kaniuliza, nikamwambia mchumba wangu ameiona nyumba nzima, hakusema neno." Akashusha sauti. "Umesikia nilivyokuita?"

"Nimesikia."

"Jumamosi wajomba wanakuja kwenu. Mbona kimya?"

Angeweza kusema pale pale kwamba nyumba ile ni mbovu. Lakini lazima angeulizwa amejuaje. "Nimefurahi," alisema, akakata simu, akakaa juu ya ndoo akalia.

Saini ikawekwa. Wajomba wakaja, posa ikapokelewa, mama akahamia. Kisha mvua.

Rangi ikavimba kwanza, halafu ikabanduka vipande vipande, ukungu mweusi ukatambaa nyuma ya kabati. Mama alipelekwa hospitali mara mbili, kifua kikipiga filimbi. Kinyozi akampigia mchumba wake: njoo uniangalizie, wewe ndiye mjuzi. Fundi akaja, na safari hii akasema yote, amesimama mbele ya kazi ya mikono yake.

"Ulijua lini?"

"Tangu getini."

"Alhamisi nilipokuuliza mbona kimya?"

"Nilijua."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alimfungulia mlango tu.

Ukapita mwezi bila simu. Ilipoita, Fundi aliidondosha kwa haraka ya kuipokea. "Njoo asubuhi," Kinyozi alisema. "Njoo na vifaa vyako." Alifua ovaroli, akajipaka manukato.

Alimkuta amekonda, shati halijaona pasi. Ndoo mbili za rangi zilikuwa chumba cha nyuma.

"Nimepata wateja," alisema. "Mtu na mkewe, ndio kwanza wameoana. Jumatatu wanakuja na dalali. Funika, Fundi. Nikiuza hii nampeleka mama mahali pakavu, na mimi na wewe tunaanza upya. Naapa sitalitaja tena jambo hili." Akamshika mkono.

Jamani, alivyoutamani mkono ule. Mama alikuwa sebuleni, anakohoa.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Na wao watalala humu."

Kinyozi akauachia mkono. "Mimi uliyenipenda ulinyamaza. Hawa usiowajua ndio utawasemea?"

Fundi aliinama. Akachukua vifaa vyake akatoka.

Jumatatu alirudi, akasimama nje ya geti. Fundi mwingine alishafika kabla yake. Rangi mbichi ilinukia mpaka barabarani. Wateja wakatokea, kijana na mkewe, bibi harusi ameshika futi ya kupimia mahali pa kitanda. Dalali akaanza kumfukuza, lakini Fundi alishasema: ukuta gani, maji yanatoka wapi, nani alikuwa wa kwanza kuyaficha. Yule binti akaikunja futi yake taratibu.

"Mungu akulipe, dada," alisema. Wakaondoka, dalali akiwafuata mbio.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Umefanya vizuri," alisema, bila hasira yoyote. "Hivyo ndivyo nilivyotaka nifanyiwe mimi."

Fundi akapiga hatua kumwendea.

"Usinipigie tena," Kinyozi alisema, akaingia ndani kumsogeza mama mbali na ukuta.