Tope la Ndiva

"Miezi sita kwa mpigo? Mzee Isihaka, hata wewe unajua hiyo haiwezekani."

"Haiwezekani kwako. Kuna mtu kaja jana na mke wake, hata bei hakuuliza mara mbili."

"Kwa hiyo tunafukuzwa."

"Sijasema mnafukuzwa. Nimesema kodi imepanda, na kuanzia mwezi ujao nataka miezi sita. Hayo ya kufukuzwa unayasema wewe."

Honorata alikuwa uani anaosha vyombo, akasikia kila neno. Baba yake, Fanueli, alikuwa amesimama mlangoni anabishana na mwenye nyumba. Fanueli ni fundi pikipiki hapa Same, na wao watatu, yeye, mke wake na Honorata, wanalala chumba kimoja. Kimoja, na bado kodi inapanda. Siku hizi vyumba Same vinagombaniwa.

Mzee Isihaka alipoondoka, mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Turudi Mamba kwa bibi," akasema. "Wewe ulale gereji. Honorata atahamia shule ya kule."

"Niko darasa la saba, mama," Honorata akasema. "Nahamaje sasa hivi?"

Kiwanja walikuwa nacho, pembeni ya mji kule kwenye miiba, na matofali ya kuchoma walishayapanga. Akiba yao ilitosha mabati na mbao tu. Wakimlipa fundi na vibarua, mabati hakuna. Wakinunua mabati, wa kujenga hakuna.

"Si tuwaombe watu wa Mamba?" Honorata akauliza. "Bibi anasema kule nyumba inajengwa kwa msaragambo. Watu wote wanakuja, unawapikia tu."

Baba akakuna kichwa. "Tutajaribu," akasema, lakini kwa sauti ya mtu asiyetaka kujaribu.

Shule zilikuwa zimefungwa. Jumatatu baba na Honorata wakapanda mlimani mpaka Mamba. Waliwakuta watu kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji ya kumwagilia mashamba. Maji yalikuwa yamefunguliwa yote, na watu wako ndani mpaka magotini wanatoa tope kwa majembe na makarai. Ukingoni amesimama Mzee Eliufoo, mwenyekiti wa ndiva, na yeye kapakaa tope mpaka kiunoni.

"Shikamoo, mzee," Fanueli akasema.

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Fanueli akaeleza shida yake. Kodi, kiwanja, matofali, yote. Halafu mama mmoja akasema kutoka kwenye tope, "Wewe si ndiye yule wa faini?"

Watu wakaangua kicheko. Honorata hakuelewa.

"Baba yako," Mzee Eliufoo akamwambia, "kila msaragambo ukipigwa, yeye haji. Anatuma faini kwa simu. Tena anatuma mapema kabla hata kazi haijaanza. Mlipaji mzuri kweli."

"Basi na sisi tutamtumia nyumba kwa simu," akadakia kijana mmoja, Paschal. "Akaitolee kwa wakala."

"Aangalie tu makato!" mwingine akasema, na wakacheka mpaka mmoja akaangusha karai.

Fanueli alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Akaviangalia, akamshika Honorata mkono. "Twende zetu."

Honorata hakwenda. Alijua wakiondoka pale, basi, habari ya nyumba imeisha. Akavua ndala, akakunja sketi, akaingia kwenye ndiva. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili akateleza, akakaa kwenye tope, likamfika kifuani.

"Karibu," Paschal akamwambia. "Wengine huwa tunaanza kwa miguu."

Honorata mwenyewe akacheka. Yule mama aliyeuliza habari ya faini akamvuta, akampa karai. Wakaanza kupokezana. Mgongo ulimuuma, lakini hakutoka. Kugeuka hivi, anamwona baba yake pembeni yake, miguu mitupu, anashindilia jembe kama anagombana nalo.

"Taratibu, fundi," Mzee Eliufoo akasema. "Hiyo siyo pikipiki."

Walirudi kesho yake tena, na keshokutwa, mpaka ndiva ikawa safi. Hawakutaja nyumba. Siku maji yalipofungiwa, Mzee Eliufoo ndiye aliyeitaja. "Hicho kiwanja chenu kina maji ya kukandia udongo?"

"Yapo," Fanueli akasema.

"Mwambie mkeo aloweke mahindi."

Wiki iliyofuata lori la tangawizi likashuka Same, na watu wa Mamba wamekaa juu ya magunia wanaimba. Wengine wakachimba msingi, wengine wakakanda udongo, mafundi wawili wakapanga matofali. Mama akapika sufuria kubwa ya makande, ikaisha, akapika nyingine. Honorata alibeba maji na kutaniwa kutwa nzima kwamba alipoanguka, tope lote la ndiva lilimwishia yeye. Kuta zikapanda. Kabla mwezi haujaisha, mabati yakapigwa. Vyumba viwili, madirisha bado mbao tu, lakini mlango ni wao.

Jioni ile ya mabati Fanueli akaanza kushukuru, hotuba ndefu. Mzee Eliufoo akamkatisha.

"Sikiliza, na wewe Honorata sikia. Faini zako zilitusaidia, sikatai. Lakini hela ukituma, sisi tunaiona hela, wewe hatukuoni. Hawa wamekuja kwa sababu mlifanya kazi nao. Ungetaka kuwalipa watu hawa wote, usingeweza. Jasho lako uliliweza. Mtu asiye na hela nyingi asikae mbali na wenzake, maana atanunua kila kitu, hata kile ambacho wangempa."

Fanueli akaitikia kwa kichwa. Honorata naye.

"Sasa Jumatatu tunachimba msingi wa Paschal. Anaoa."

"Nitakuja, mzee."

"Sijakuuliza kama utakuja. Nimekutajia siku."

Akaweka jembe lake begani, akageuka, akaenda zake kwenye lori.