Mtalaka Asiye na Talaka

Lifti ya chuo iligoma saa ambayo wanafunzi wa jioni walikuwa wakimiminika kutoka makazini. Ukumbi wa chini ukafurika. Mbele kabisa alisimama Mkunga, ndivyo wote walivyomwita kwa kazi yake ya wodini, gauni la zambarau likiwa limemkaa vizuri kiunoni, viatu mkononi kwa uchovu. Mlangoni mwa lifti alichuchumaa fundi mrefu, ovaroli imelowa grisi.

"Kaka, tutapanda au tuote mizizi hapa?"

"Ukipanda sasa, dada, utakwama na mimi humo ndani."

"Nani kakwambia nina hamu hiyo?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akalitazama jalada la kitabu alichokumbatia Mkunga: *Sheria ya Familia*.

"Lo! Kumbe ninyi ndio mnaowafundisha wake zetu kutuacha."

"Zetu? Una mke?"

"Nilikuwa naye. Mimi mtalaka."

Alilisema neno hilo kwa wepesi, nalo likapita. Masomo yalipokwisha Mkunga alimkuta Fundi nje, kanawa uso, kavaa shati safi. Simu zikaanza. "Wakili wangu, umekula?" "Nimekula. Wewe umekwama ghorofa ya ngapi leo?" Haukupita muda, mswaki wa Mkunga ukawa bafuni kwa Fundi.

Kisha jioni moja mwalimu akasema darasani: "Wawili waliofunga ndoa mbele ya msajili, wakahama nyumba bila kwenda mahakamani, bado ni mume na mke. Kufungasha nguo si talaka."

Mkunga aliacha kuandika.

Usiku ule ule hakulala, na asubuhi akiwa anamkaangia Fundi mayai aliuliza, "Mpenzi, ninyi mliachana mahakama ipi?"

"Aa, yale ya zamani." Fundi akainuka bila kumaliza chai.

Tangu hapo Mkunga akawa macho. Simu ya Fundi ikilia, mwenyewe aliipeleka barazani na kuvuta mlango. Naye Fundi akaanza kuyapima maswali ya Mkunga. Kwa nini ameuliza nyumba imeandikwa jina la nani? Kwa nini anamtazama namna ile, kama shahidi mwongo?

"Wewe unanipenda au unanisomea?" alimuuliza siku moja, nusu utani.

"Inategemea unaficha nini," akajibu Mkunga, bila utani wowote.

Jumapili moja mlango wa baraza haukufungwa sawasawa. Mkunga, akikunja nguo, aliisikia sauti ya Fundi, ya upole kuliko alivyoizoea: "Sijamwambia bado. Tukutane, wewe na mimi tu. Nimekukosea sana, najua."

Fundi alipoingia, Mkunga alikuwa kasimama na shati lake mkononi.

"Nani huyo?"

"Mteja."

"Mteja uliyemkosea sana?"

Mkunga akaliweka shati kitandani taratibu, akachukua mswaki wake, akaondoka. Fundi alipiga simu mpaka akachoka. Mkunga aliitazama ikiwaka na kuzima.

Mwishoni mwa muhula mwalimu aliwapeleka mahakamani wakasikilize mashauri ya ndoa. Walikaa benchi za nyuma, blauzi nyeupe, sketi nyeusi. Karani akaita shauri lililofuata, na aliyeinuka, akiwa na koti lililompwaya mabegani, alikuwa Fundi. Kando yake mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Mkunga akamkodolea macho. Kumbe ndiye huyu.

"Mnaomba ndoa ivunjwe, nyote wawili," alisema hakimu. "Mna miaka mingi mmetengana. Nani alihama?"

"Mimi, mheshimiwa." Sauti ya Fundi ilikwaruza. "Mtoto wetu alifariki siku aliyozaliwa. Baada ya hapo kila nilipomtazama mke wangu nilimwona mtoto. Nikakimbia. Sikumwambia hata kwaheri."

"Mama, una la kuongeza?"

"Hakunipiga, hakunitukana," alisema yule mwanamke. "Tulishindwa kulia pamoja, basi. Aliponipigia majuzi kuniomba tuje hapa, ndiyo mara ya kwanza tulilitaja jina la mtoto."

Hakimu alipotamka ndoa imevunjika, Mkunga alikuwa keshatoka nje.

Fundi alimkuta dirishani, kwenye korido.

"Ulisema mteja."

"Nilidanganya."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Kila siku unarudi unaniambia leo nimepokea mapacha, leo nimepokea binti. Unacheka. Ningeanzia wapi?" Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Sasa niko huru kweli. Nataka kukuposa."

"Mwenzako bado anashuka ngazi! Nenda kamsindikize kwanza."

Akaenda. Kupitia dirishani Mkunga aliwaona getini. Mwanamke akamweka sawa kola, kisha wakakumbatiana, mabega yakitikisika. Wivu ulimchoma, na hakujidanganya kwamba haukumchoma. Lakini hakugeuza macho.

Fundi alirudi macho mekundu.

"Sasa uliza," alisema Mkunga.

"Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali. Ila jibu hilo tutalisherehekea siku nyingine." Akamshika mkono. "Leo nipeleke alipozikwa mtoto. Na njiani uniambie jina lake."