Kadi ya Mzee Koti

Kiti cha kushoto kwake kilikuwa kitupu, lakini kila alipokigusa kilikuwa na joto, kama cha mtu aliyeinuka sasa hivi. Fundi lifti akasonya. Nchi hii hata viti vya kliniki havina adabu.

Hakuna alichokiheshimu katika jiji lile. Aliwadharau wote, kuanzia bosi aliyemwambia bima ya mgeni huanza baada ya miezi sita, naye alikuwa na minne tu, hadi madaktari waliolitazama tumbo lake kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye kompyuta. Mawe ya nyongo hayasubiri bima. Daktari wa mwisho alimwambia wazi: asipopasuliwa upesi, kifuko kitapasuka chenyewe, na huo ndio utakuwa mwisho wake.

Ndipo wenzake wa chumbani walipomtolea kadi ya Mzee Koti. Katika nyumba ile ya wafanyakazi wa kigeni mtu akifa, kadi yake ya bima haizikwi naye. Mzee Koti alifia kitanda cha pembeni, na hakuna aliyepeleka habari kwenye bima. Picha ilikuwa imefifia, na karani wa dirishani, walisema, hatofautishi mgeni na mgeni. Ukiitwa jina lake, itika tu.

Aliitika mara ya kwanza siku ya kupimwa damu. Karani akamuuliza kama mwenzake naye anaingia. Akajibu kwa kiburi kwamba yuko peke yake, na moyoni akamwita kipofu. Mara ya pili, siku ya picha ya tumbo, harufu ya nywele zilizoungua ilimtangulia chumbani, na kabla hajamaliza kufungua vifungo, mpiga picha akamwambia avae aende, amekwisha kupigwa.

Hapo kiburi kilimtoka kidogo, akampigia simu shangazi yake, mganga wa majini ambaye miaka yote alimfanyia mzaha.

"Huyo si marehemu," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Marehemu hana haja na hospitali. Ni jini lililokaa na mzee wa watu, sasa limekosa pa kukaa, na wewe unaliitikia. Isifike mara ya tatu. Nenda dirishani, sema jina alilokupa mama yako."

"Nikisema hivyo sipasuliwi. Itabidi nianze upya."

"Utaanza upya, lakini utaanza wewe."

Alikata simu akicheka. Mchoma ubani anamfundisha habari za hospitali!

Siku ya kupasuliwa, mchana kweupe, ukumbi umejaa watu, alijiona mjanja kuliko wote: hataungama wala hataitika, atanyanyuka kimya tu. Jina likaitwa, akafumba mdomo, na kutoka kile kiti cha kushoto ikaitika sauti yake mwenyewe, pamoja na kikohozi chake kidogo, kisha akainuka mtu mwenye shati lake na viatu vyake, amejishika tumbo, akamfuata muuguzi taratibu, na kwa kila hatua aliyopiga yule mtu, maumivu ya fundi yalizidi kupungua, mpaka hakusikia tena tumbo, wala miguu, wala joto la mwili wake.

Alikimbilia dirishani akapaza jina alilopewa na mama yake. Karani alipiga miayo, akamwita mgonjwa mwingine.

Jioni alisimama kando ya kitanda cha wodini, akamwangalia aliyelala pale na tumbo lililoshonwa vizuri akichukua simu.

"Shikamoo, shangazi. Nimepona."

Fundi alipiga kelele. Akamwambia shangazi asiitikie, kwamba yeye hajawahi kumwamkia hata siku moja maishani mwake. Sauti yake haikufika popote.

"Marahaba, mwanangu," shangazi aliitika, akilia kwa furaha. Akasema kumbe ugonjwa nao una faida, hatimaye umemfunza adabu.